Pazia la Chumba cha Kakao

Wadogo zangu mliobaki chumbani, nimesikia mnasema Mama Lusajo amestaafu na sasa kazi yake ni kulala. Nalala kweli, lakini si kazi, ni haki yangu. Nikiamka nakaa barazani hapa Tukuyu, natazama mvua ikinyesha kama ilivyonyesha jana, kisha naandika haya. Siku ya kuniaga mlinisumbua: "Mama, tuandikie, tusije tukasahau." Wanaosahau ni ninyi, anayepewa kalamu ni mimi. Haya.

Sitaandika habari za vyeo. Chumba cha watu wanne kina vyeo gani? Aliyeshika ufunguo ndiye mkubwa, na ufunguo ukipotea wote tulikuwa sawa. Nitaandika kazi ilivyokuwa, na hasa ile miezi ambayo nusura chumba chetu kigeuzwe banda la video. Hayo hamjasimuliwa vizuri, kwa sababu kila mara nilipoanza kuwasimulia mlikuwa mnachekecha, na anayechekecha hasikii.

Niliingia humo miaka ile ya mwanzo ya soko huria. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya chai, mpaka asubuhi moja tukaitwa kumi na wawili kwa pamoja, tukashukuriwa sana, tukapewa barua. Nikajifunza kwamba ukishukuriwa sana kazini, ujue unaondoka. Jirani yangu akaniambia Msasani, hii ya hapahapa Tukuyu, kuna mama anatengeneza kakao ya kunywa, ile ya unga wa kukoroga na maji moto, naye anatafuta msaidizi. Nikaenda na kucha zangu nilizozipaka rangi na kiatu kirefu. Sijui nilidhani nitapigia kakao chapa.

Nilimkuta Bi Mwanaidi amepiga magoti mbele ya jiko la mkaa, kichwa amekiinamisha upande, anasikiliza kaango. Familia yake ilitoka pwani zamani, babu yake akija na biashara ya viungo, ikakaa Msasani na haikurudi tena. Nikamwamkia shikamoo. Akanyanyua kidole ninyamaze. Nikasimama pale na kiatu changu mpaka akaepua kaango.

"Marahaba, mwanangu. Uniwie radhi, nilikuwa naisikiliza."

"Unaisikiliza nini, Bi Mwanaidi?"

"Kakao hii. Ikianza kulia ta, ta, ta, iache iseme. Ikinyamaza, iepue upesi. Ukingoja uione kwa macho kwamba imeiva, basi imekwisha kuungua." Akazitazama kucha zangu. "Na hizo rangi zako zikatoe. Sitaki wateja wangu wanywe waridi."

Hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza, na mpaka nastaafu sikupata la maana kuliko hilo. Nyie mna saa ukutani, mnahesabu dakika. Sawa. Lakini kakao ya kule bondeni Masukulu iliyokaushwa vizuri na ile iliyookotwa mwisho wa msimu haziivi kwa dakika zilezile, na saa haina masikio.

Wiki mbili za kwanza nilipepeta tu. Mbegu zikishakaangwa, unazivunja kwa mchi taratibu, unazipepeta kwa ungo maganda yaruke, unabaki na vipande vyeusi vinavyong'aa. Unatwanga. Hapo ndipo kila mgeni anaposhtuka, maana anategemea unga na anapata tope. Kakao ina mafuta mengi kuliko karanga. Ukiitwanga ikiwa moto inakuwa uji mzito, na uji huo hauchekecheki hata ukiuombea.

Dawa yake ilikuwa jeki. Marehemu mume wa Bi Mwanaidi alikuwa na lori. Lori liliuzwa, jeki ikabaki. Fundi mmoja wa kuchomelea akatuundia fremu ya chuma. Tunatia lile tope likiwa vuguvugu ndani ya mfuko wa kitambaa cha amerikani, tunaweka kati ya vibao viwili, tunapandisha jeki polepole. Mafuta yanachuruzika kwenye sufuria, ndani yanabaki mashudu makavu, na mashudu hayo ndiyo unayatwanga ukapata unga. Mafuta tuligawana, tukajipaka midomo na visigino wakati wa baridi. Tulikuwa wanawake wanne tunaong'aa kuliko wote Tukuyu, na mbwa walitufuata. Siku moja dereva mwenye pancha alikuja mbio kuazima jeki yetu. Alirudi akilalamika kwamba hawezi kuendesha, njaa inamuuma kwa ile harufu.

Mchanganyiko wenyewe mnaujua, lakini nauandika kwa ajili ya yule atakayekuja baada yenu. Kikombe kimoja cha unga wa kakao, viwili vya sukari iliyotwangwa, viwili vya maziwa ya unga, mdalasini nusu kijiko, chumvi ya kushikwa kwa vidole vitatu. Chumvi inatwangwa pamoja na sukari, haiji mwisho, maana ikija mwisho inakaa pembeni ya mfuko na kumsubiri mtu mmoja. Chekecha mara tatu. Anayekunywa, mwelezeni aanze na maji moto kidogo akoroge mpaka iwe kama rojo, ndipo ajaze kikombe. Akimwaga maji yote kwa mpigo atapata madonge, na lawama atatuletea sisi.

Adui yetu mkubwa alikuwa unyevu. Wilaya ya Rungwe nguo inaweza kukaa kwenye kamba siku tatu ikarudi ndani na maji zaidi ya iliyotoka nayo. Kwa hiyo kulikuwa na sheria: katika chumba cha kuchanganyia hakichemshwi kitu. Mimi nikaona baridi, nikatia birika jikoni humohumo nipate chai. Kesho yake mchanganyiko wa wiki nzima ulikuwa umegandamana ukawa tofali. Bi Mwanaidi hakugomba. Alilivunja kwa mchi, akanifungia kipande kimoja kwenye gazeti, akaniambia, "Kajengee." Nilikula tofali lile mwezi mzima, na sikuchemsha chai chumbani tena.

Tuliziba mifuko ya nailoni kwa mshumaa na kipande cha msumeno, tukauza sokoni na kwenye vioski, na mambo yalikwenda. Kisha soko huria likatukuta. Maduka yaliyokuwa na viberiti na sabuni za vipande yakajaa makopo ya kakao kutoka nje, yenye picha ya mtoto anayecheka na meno yote. Nani anashindana na meno yale? Watu walinunua kopo moja, likiisha wakaja kwetu kununua mfuko na kuumimina ndani ya kopo, wageni wakija wakanywa kakao yetu huku wakimsifu mtoto wa kwenye picha. Tulikasirika, lakini angalau hao walinunua. Wengi waliacha kabisa.

Mwenye nyumba aliliona hilo kabla yetu. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulikuja na futi kamba. Kila Jumatatu aliingia, akasalimia kwa adabu zote, akapima dirisha.

"Mama zangu, siwafukuzi," alisema. "Ila kuna kijana ana video na spika mbili kubwa. Nipeni mteja mmoja wa kudumu nimwone kwa macho. Vinginevyo, mwezi ukiisha, naziba dirisha hili, nyie mtafute pengine."

Pengine hapakuwapo. Chumba chenye dari isiyovuja na sakafu ya saruji, Tukuyu, kwa uwezo wetu, kilikuwa hicho kimoja tu. Bi Mwanaidi alikuwa na umri wa kupumzika na hakuwa na wa kumlisha. Mimi nilikuwa na watoto watatu na barua ya kushukuriwa. Wa tatu alikuwa mama mmoja mjane wa Nkunga aliyetwanga kwa nguvu bila kusema neno kuanzia asubuhi mpaka saa kumi, na simkumbuki akilalamika hata siku moja. Wa nne alikuwa Sekela, na habari yenyewe ni ya Sekela.

Sekela aliolewa Masukulu, kule bondeni kwenye joto kidogo ambako kakao inakubali, kisha yeye na mumewe mwashi wakahamia mjini. Alikuwa na pua ambayo sijaiona kwa mwingine. Yeye ndiye aliyepokea magunia. Mkulima akifika, Sekela anaingiza mkono mpaka katikati ya gunia, si juu ambako watu huweka nzuri, anatoa mbegu kumi, anazipasua kwa kisu, anatazama rangi, ananusa, anatafuna moja. Kisha anasema "Pokea" au "Rudisha". Alishawahi kumrudisha mzee wa kanisa, tena Jumapili ikiwa imekaribia.

Mtu mmoja tu hakumkagua. Naye alikuwa Mzee Ambokile, baba wa mumewe.

Nyie wa mjini wa siku hizi mnakaa na wakwe zenu mnatazama televisheni, kwa hiyo nieleze. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Hamtazami usoni, hataji jina lake, hasemi naye, hapiti njia anayopita. Wazee wanaiita ukutila, kuogopa, na ni heshima, si ugomvi. Wengi walikuwa wameanza kulegeza, lakini kwa Mzee Ambokile hakikulegezwa kitu. Basi akitokea tu kona ya barabara na gunia lake, Sekela alitoka mlango wa nyuma mbio, kitenge kichwani, akajibanza uani mpaka mzee aondoke. Nilikuwa napokea mimi. Na mimi, kwa kuwa mzee alinisalimia vizuri, "Mugonile, mama," na mvua ilikuwa inanyesha, na gunia lilikuwa zito, nililiburuta ndani bila kulifungua. Hilo kosa ni langu, naliandika kwa mkono wangu.

Wakati huo Bi Mwanaidi alikuwa amehangaika akapata nafasi kwenye shule moja ya bweni ya wasichana. Matroni wao, mama mrefu mwenye sauti ya kengele, alikubali kuwajaribisha wasichana kakao yetu asubuhi kwa wiki moja badala ya ile ya makopo. Ikipendwa, tungeipeleka kila wiki mwaka mzima. Huyo ndiye mteja wa kuonwa kwa macho. Tukafanya kazi kama watu wanaotafuta mali iliyopotea. Tukakaanga, tukapandisha jeki, tukachekecha mara nne badala ya tatu, tukapeleka ndoo mbili zenye vifuniko. Mwenye nyumba tulimwambia akae na futi kamba yake nyumbani.

Siku ya tatu Matroni alikuja mwenyewe. Aliweka ndoo moja mezani.

"Mama zangu, nawauliza. Kakao hii mmeipikia wapi?"

"Hapahapa, Matroni," nikasema.

"Maana wasichana wangu asubuhi wameniuliza kama bweni linaungua."

Tukaonja, tukatazamana. Sisi hatukusikia kitu. Unapokaa na jiko la mkaa tangu asubuhi, moshi kwako si harufu, ni hewa. Bi Mwanaidi alikuwa na mafua tangu wiki iliyopita. Mama wa Nkunga alionja akainua mabega. Tukamwita Sekela kutoka uani. Alionja kijiko kimoja, akakishusha, akatazama sakafu.

Matroni hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Nawapa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Ijumaa hiyo naagiza mahitaji ya muhula wote. Nikikuta ina moshi, naandika makopo." Akaondoka, ndoo akatuachia.

Nikamgeukia Sekela. "Umejua nini?"

"Imekaushiwa kichanjani, dada," alisema. "Juu ya moto wa jikoni. Mvua ikizidi kule wanaitandaza kwenye kichanja kile wanachowekea mahindi."

"Ni kule kwa nani?"

Akaanza kufunga kifuniko cha ndoo. Ikabidi nihesabu wakulima wetu kichwani mmoja mmoja mpaka akabaki yule ambaye Sekela hataji jina lake.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Nimkague baba wa mume wangu?" Machozi yakamjaa. "Kile kichanja nimekikokea moto mwenyewe nilipokuwa bibi harusi. Harufu yake naijua kuliko ya nyumbani kwetu."

Nilimkasirikia kidogo, nikajikasirikia zaidi. Lakini hasira haikaushi kakao. Msimu ulikuwa mwishoni. Wakulima wengine wote walikuwa wameuza kwa wale wanunuzi wapya waliozunguka na malori wakichukua kila kitu, kibichi na kikavu, cha moshi na cha jua, bila kupasua hata mbegu moja. Mzee Ambokile peke yake ndiye alikataa kuwauzia, akisema watu wasiokagua mali hawaheshimu mali. Alisema hivyo mbele yangu. Naona haya mpaka leo.

Na Jumamosi hiyo alikuwa analeta gunia lingine.

Bi Mwanaidi, na mafua yake, ndiye aliyepata njia. "Nileteeni kanga," alisema. "Pazia tu. Sekela akae kile kijichumba cha magunia, mzee huku, wewe Mama Lusajo uwe katikati. Hawaonani, hawasemezani. Desturi yenu imevunjika wapi?"

Tulifikiri, tukaona haijavunjika, ila imepinda kidogo. Sekela alikataa siku nzima. Ijumaa jioni akaniambia, "Nikilirudisha gunia lake, dada, wanaweza kunirudisha mimi kwetu." Hakuwa anatania. Nikamwambia basi nitalikataa mimi, nitasema ni mimi niliyenusa. Akanitazama kwa huruma. "Wewe? Wewe uliyejengea tofali?"

Jumamosi mzee akafika, kofia mkononi, akatua gunia, akaliona pazia katikati ya mlango. Akaelewa papo hapo, maana hakuwa mjinga. Akanisogezea gunia. Nikafungua gunia, nikatoa mbegu kutoka katikati, nikazipitisha chini ya kanga. Tukasikia kisu. Moja. Mbili. Mpaka kumi. Kisha kutafuna.

"Dada," Sekela alisema nyuma ya pazia, "mwambie mgeni kwamba hii ina moshi."

Nikamgeukia mzee aliyesimama hatua mbili kutoka hapo, mwenye masikio mazima. "Mzee, anasema ina moshi."

"Mwambie huyo anayepasua," alisema mzee kwa utulivu wa kutisha, "kwamba nilipanda kakao hajazaliwa."

"Anasema alipanda hujazaliwa."

"Mwambie najua, na naheshimu. Mwambie kuni zilikuwa za mkaratusi. Moshi wake ndio unaoingia ndani ya mbegu. Ni kama zile tulizotumia kule wakati wa mvua kubwa."

Nilifungua mdomo kuyapeleka, mzee akanizuia kwa mkono. Aliutazama mdomo wa gunia. Alikuwa akijiuliza, nadhani, ni nani alimwona akikata mkaratusi.

"Muulize anasema nini mwishoni," alisema.

Nyuma ya pazia nikasikia kisu kikiwekwa chini. Nikadhani amekimbia. Kisha ikaja sauti ndogo: "Rudisha."

Sikuhitaji kuirudia, na sikuirudia. Mzee alifunga gunia, akalitupa begani akiwa na miaka yake yote, akatoka kwenye mvua bila kuaga. Mtu wa Rungwe akiondoka bila kuaga, si jambo dogo. Sekela alikaa chini nyuma ya pazia akalia, na Bi Mwanaidi akakaa naye. Mimi na mama wa Nkunga tukatwanga mdalasini ambao haukuhitaji kutwangwa.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Hakuna habari iliyotoka Masukulu, wala nzuri wala ya kumrudisha mtu. Mumewe Sekela hakusema naye ila kuhusu chakula. Jumatatu mwenye nyumba alikuja akapima dirisha, akapima na mlango pia. Nilitafuta kakao mpaka kwa watu nisiowajua, nikapata kikapu kimoja chenye ukungu. Jumatano tulikaa tukatazama jeki. Nilishaanza kuwaza nani ataajiri mpiga chapa anayenukia mdalasini.

Alhamisi asubuhi, kabla hatujawasha jiko, Mzee Ambokile alisimama mlangoni. Alikuwa na nusu gunia. Alilitua mbele ya pazia ambalo hatukuwa tumeliondoa, akasema neno moja tu.

"Pasueni."

Sekela hakuwa na muda wa kukimbilia uani, akajirusha nyuma ya kanga. Nikapitisha mbegu. Moja ikaniponyoka, nikaiokota. Kisu kikasikika mara kumi. Akanusa kwa muda mrefu kuliko kawaida, nikajua ananusa mara mbili kwa sababu haamini.

"Dada, mwambie ni ya jua," alisema. "Jua tupu."

Baadaye tulisimuliwa na mkewe mzee. Mzee alikuwa amevundika kakao ya mwisho ya shamba lake kwenye majani ya migomba, na aliporudi na lile gunia lililokataliwa akakataa isikaribie jikoni. Aliitandaza kwenye mkeka uani. Kila wingu likija aliukunja mkeka akakimbia nao ndani, likipita akautoa tena, mara nane, mara kumi kwa siku. Majirani walidhani ameingiwa na kitu. Alimfukuza mkewe asisaidie. Alisema aliyekataliwa ni yeye, atakayekausha ni yeye.

Tulifanya kazi Alhamisi yote. Hakuna aliyechemsha chai. Ijumaa Matroni aliingia, akakataa kukaa, akanywa akiwa amesimama. Akanywa tena. Mwenye nyumba, aliyekuwa ameitwa na Bi Mwanaidi aje amwone mteja kwa macho, alisimama kando na futi kamba mfukoni. Matroni alimaliza kikombe, akakiinamisha kuona kama kimeisha kweli.

"Bweni haliungui," alisema. "Jumatatu leteni ndoo nne."

Mwenye nyumba naye akaomba kionjo. Tulimpa. Video ilipata nyumba mtaa wa pili, na kwa miaka miwili tulisikia milio ya bunduki kila jioni tukichekecha.

Yaliyofuata mliyakuta wenyewe: mashine, lebo, watu wa viwango na fomu zao. Bi Mwanaidi alikaa nasi mpaka masikio yake yalipochoka kusikia kakao, akaniachia kaango. Hayo yote ni kazi. Lakini mliniuliza siku gani sitaisahau, nami nitaishia hapo.

Ni Jumamosi iliyofuata baada ya Matroni. Mzee Ambokile alikuja mikono mitupu, akasimama mlangoni. Sekela alikuwa ameshaingia nyuma ya pazia.

"Nimekuja kuuliza watoto walisemaje," alisema.

"Walimaliza, mzee. Wameagiza tena."

Akaitikia kwa kichwa. Hakuondoka. Aliikunja kofia, akaikunjua. "Na yenyewe," alisema, "ikishakuwa hiyo mnayopeleka, inakuwaje?"

Ikanichukua muda kuelewa. Mzee yule alikuwa amepanda kakao, ameipalilia, ameivundika, ameikausha na kuibeba mgongoni maisha yake yote, na hakuwahi kuinywa. Hakuna aliyewahi kumpa. Nilisikia aibu nikaketi.

Nyuma ya pazia tukasikia kikombe kikitolewa, kopo likifunguliwa, kijiko kikikoroga rojo kwanza kama inavyotakiwa. Kikombe kikatokea chini ya kanga. Nikampa. Mzee alikaa kwenye kigoda, mgongo ameupa pazia kwa heshima, akanywa polepole. Alikunywa yote. Nilijiandaa kupeleka ujumbe, kama kawaida yangu. Akakiweka kikombe chini.

"Mwanangu," alisema, na hakunitazama mimi. "Umebania sukari."

Bi Mwanaidi akageuka kutoka jikoni. Hata mchi wa mama wa Nkunga ulisimama hewani.

"Samahani, tata," Sekela akajibu, akimwita baba. "Lete kikombe niongeze."

Nami nimesimama katikati yao, mikono mitupu, nangoja kutumwa. Hakuna aliyenituma.